MSIRI WA BUNKEYA: ALITAWALA NAMNA GANI?



Mu kozi ya historia tunasoma Roma. Tunajua kama Kaisari Augusto aliamuru watu wahesabiwe, kama Pilato alikuwa liwali wa kutumwa tu, kama Herode alikuwa mfalme, lakini mfalme wa kupewa. Hayo tunayajua mara mbili, mu kozi na mu Biblia. Lakini muulize mwanafunzi wa hapa Buluo: nani alitawala inchi hii mbele ya Leta na mbele ya shirika la madini? Atajibu upesi: Msiri. Umuulize tena: alitawala namna gani? Atakuambia habari ya vichwa vya watu juu ya miti, kisha atanyamaza. Njo maana nimeandika kurasa hizi.

Bunkeya haiko mbali na sisi. Kama ungeruka sawa ndege, toka Likasi kwenda kaskazini haifiki kilometa 100. Tangu 2015 Bunkeya iko mu jimbo la Lualaba na sisi tuko mu Haut-Katanga, lakini wakati wa Msiri mpaka huo haukuwako. Udongo huu tunaoukanyaga ulikuwa wake.

Jina alilopewa na wazazi ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu ya mwaka 1830 kwa Wasumbwa, ndugu za Wanyamwezi, upande wa Tabora katika Tanzania ya leo. Baba yake Kalasa alikuwa mtu wa biashara. Alisafiri kwa miguu na wapagazi wake, akapita upande wa ziwa Tanganyika, akavuka kwa Kazembe ku mto Luapula, mpaka huku Katanga, juu ya kutafuta mukuba. Mukuba ulikuwa umetoka katika inchi hii miaka mingi sana mbele ya mzungu wa kwanza. Hilo tulishike vizuri, kwa sababu kuna watu wanaosema kama madini yalianza na kampuni.

Karibu ya 1856 Ngelengwa mwenyewe alifika, na watu wachache na bunduki chache. Wakati ule Basanga walikuwa wakisumbuliwa na Baluba, na mkubwa wao Mpande hakuwa na kitu cha kuwazuia. Mgeni alimsaidia. Bunduki zililia, Baluba wakarudi nyuma, na mgeni akapata mahali pa kukaa. Hakurudi tena kwao. Pole pole, kwa vita, kwa urafiki na kwa kungoja wazee wafe, alichukua inchi ya Basanga, ya Balamba, na upande wa magharibi wa Luapula ambao ulikuwa wa Kazembe. Watu wake waliitwa Bayeke, na inchi yake Garenganze. Jina Garenganze mnalijua, kuna jumuiya ya kanisa inayolichukua hata leo. Na jina Msiri, wengi wanasema linatoka ku neno mushidi, ndiyo kusema udongo: mwenye udongo wa inchi. Jina hilo kwa mtu aliyekuja mgeni, ni kitu cha kufikiri.

Sasa tuje ku swali letu. Wafalme wa Roma walikuwa na askari wa kulipwa mshahara, barabara za mawe, makarani, na vitabu vya kodi. Msiri hakuwa na kimoja cha hivyo. Hakujua kusoma wala kuandika. Na bado, kwa miaka karibu 30, mtu wa Luapula na mtu wa Lualaba walileta mulambo wao Bunkeya. Aliwashika na nini?

Kwanza, na baruti. Angalieni karta ya Afrika. Katanga iko karibu katikati ya bahari mbili. Toka mashariki walikuja Waswahili na Waarabu wa njia ya Zanzibar, wale ambao Tippu Tip alikuwa mkubwa wao wa kujulikana zaidi. Toka magharibi walikuja watu wa Bihe, mu Angola, wenye kuuza ku Benguela kwa Wareno. Wote walitaka meno ya tembo, wote walitaka mukuba. Msiri alijiweka katikati, sawa mtu mwenye kusimama mu mlango. Meno ya tembo yalikuwa mali ya mwami. Mwindaji hawezi kwenda kuuza pembeni. Baruti na bunduki ziliingia kwa mkono wake, na yeye aligawa kwa aliyempenda. Mkubwa wa kijiji asiyeleta mulambo hakupata baruti, na jirani yake aliyeleta alipata. Mnaona? Hakuna lazima ya kuweka askari mu kila kijiji ukifanya hivyo.

Mukuba wenyewe uliyeyushwa wakati wa kiangazi, kisha mavuno, na wafundi waliojua siri ya tanuru. Kazi hiyo wazee waliiita kula mukuba. Bayeke waliongeza ufundi wao: walijua kuvuta mukuba mpaka unakuwa nyaya nyembamba, na nyaya hizo zilifanya bangili zilizouzwa mbali sana. Kulikuwa tena chumvi ya bonde la Lufira. Wazee wa Bayeke wanasimulia vilevile kama ni wao walioleta viazi vitamu katika inchi hii, na kama walijua kuchanja watu juu ya ndui.

Na kulikuwa watumwa. Hatuwezi kuruka neno hili juu ya kumpendeza mtu. Misafara iliyotoka Bunkeya kwenda Bihe ilichukua watu wenye kufungwa shingoni: wanawake na watoto waliokamatwa katika vita. Baruti ya Msiri ilinunuliwa na meno ya tembo na mukuba, ndiyo, lakini ilinunuliwa na watu pia.

Pili, aliwashika na ndoa. Wazungu waliofika Bunkeya waliandika kama alikuwa na wake mia tano. Wavulana wa kalasi wakisikia hivyo wanacheka sana, na hawaoni kazi iliyokuwa ndani yake. Musumba wa Bunkeya haukuwa mji mmoja. Ulikuwa vijiji vingi vya kukaribiana mu bonde, na vingi vya vijiji hivyo viliongozwa na wake zake. Kila mke mkubwa alikuwa binti ao dada wa mtu mwenye nguvu fulani: mkubwa wa inchi, ao mfanyabiashara. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alikuwa na damu ya Kireno, na ndugu zake walikuwa wafanyabiashara wa upande wa Angola. Basi, mtu wa mbali akifika Bunkeya na neno, alimkuta dada yake pale, mwenye kujua lugha ya kwao na mwenye kusikilizwa na mwami. Na kama kwao walifanya uasi, dada huyo alikuwa mkononi mwa Msiri. Mke alikuwa mjumbe, karani na rehani kwa mara moja. Roma ilitumia watoto wa wafalme namna hiyo: iliwachukua wakae Roma kwa heshima, na baba zao walikaa kimya.

Tatu, omande. Hilo ni gamba la konokono wa bahari, jeupe, lililokuja kwa njia ya misafara. Mkubwa wa inchi akifa, mrithi wake hakujiweka mwenyewe. Alipaswa kwenda Bunkeya na mulambo, apige magoti, na Msiri ampe omande ya kuvaa. Asiye na omande hakuwa mkubwa, hata kama alikuwa mtoto wa kwanza. Hapo mkumbuke Herode. Mwaka wa 40 mbele ya Kristo alikwenda mpaka Roma juu ya kupewa ufalme wa Wayahudi, na kisha kufa kwake, mwana wake Arkelao alisafiri njia ile ile kwenda kumwomba Augusto. Taji la Herode na omande ya Bunkeya vilifanya kazi moja. Msiri hakuondoa wakubwa wote wa zamani. Aliwaacha ku viti vyao, lakini kiti kilitoka kwake.

Mwisho kulikuwa hofu, na hapa njo habari ya vichwa. Ni kweli. Kuna wanaosema kama wazungu walitunga hayo juu ya kupata sababu ya kuchukua inchi. Ni kweli pia kama walipenda kuyarudilia. Lakini wamissionari waliokaa Bunkeya miaka, wasiokuwa na askari wala tamaa ya mukuba, nao waliviona vichwa ku miti ya boma. Msiri alitaka vionekane. Miaka ya mwisho, alipozeeka na baruti ikaanza kupunguka, azabu zake zilikuwa nyingi zaidi. Mwenye kugawa vitu anapendwa. Akikosa vya kugawa, anabaki paka na kutisha.

Wamissionari hao ni sehemu ya habari yetu. Wa kwanza, Frederick Stanley Arnot, Mskoti, alifika Februari 1886 kwa njia ya Benguela na Bihe. Alikuwa kijana wa miaka 27, bila bunduki nyingi, bila zawadi kubwa. Alimkuta mzee mwenye ndevu nyeupe, uso wa kucheka, mwenye adabu kwa mgeni. Msiri alimpa mahali pa kujenga. Arnot alikaa miaka miwili, akapokea watoto waliokuwa wauzwe, akawalea. Kisha walikuja Swan na Faulknor, na mwaka wa 1890 Dan Crawford, yule aliyejenga baadaye misheni ya Luanza ku ziwa Mweru. Msiri aliwasikiliza, lakini hakugeuka. Kwake walikuwa na faida nyingine: walijua kusoma barua. Mtawala asiyejua kusoma, ambaye barua za wafalme wa Ulaya zinaanza kumfikia, anahitaji mtu wa kumsomea bila kumdanganya. Nafikiri ndiyo sababu kubwa aliwalinda.

Na barua zilifika kweli. Mwaka wa 1885 wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, na mfalme Leopold II wa Ubelgiji alichora karta ambamo Katanga ilikuwa yake. Msiri hakuulizwa. Upande wa kusini, Cecil Rhodes na kampuni yake ya Kiingereza walisikia neno mukuba, wakatamani. Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya na karatasi ya mapatano ya Kiingereza. Msiri aliposikia maneno ya ndani yake alikasirika, Sharpe akarudi mikono mitupu. Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel kwa Leta ya Leopold. Msiri alikataa bendera, lakini aliacha wajenge kituo kidogo ku Lofoi, mbali kidogo na musumba. Oktoba 1891 akaja Alexandre Delcommune, naye na bendera ile ile. Msiri akakataa tena.

Hapo alifanya kitu ambacho kingeweza kumwokoa, ao kumuuza kwa wengine. Alimwandikisha Crawford barua kwa Sharpe: Waingereza warudi. Alifikiri kuwaweka wazungu wawili wagongane, kama alivyoweka watu wa Zanzibar na watu wa Bihe miaka yote. Ilikuwa akili yake ya zamani, na ilikuwa akili nzuri. Lakini barua ilikwenda kwa miguu, na njiani ilikutana na msafara mwingine uliokuwa ukija Bunkeya. Mkubwa wa msafara huo aliichukua, akaisoma, akaiweka. Haikufika kwa Sharpe.

Kuna jambo lingine mbele ya kumtaja mtu huyo. Nyumbani moto ulikuwa umewaka. Basanga, wale wale ambao Ngelengwa aliwasaidia siku za ujana wake, walichoka. Mulambo ulikuwa mzito, binti zao walichukuliwa, watu wao waliuzwa. Waliasi, na hawakukosa akili: walifunga njia. Misafara ya baruti haikupita. Mashamba yaliungua, njaa ikaingia Bunkeya, na watu wakaanza kutoka usiku mmoja mmoja. Bunduki za Msiri zilikuwa bado pale, lakini bunduki bila baruti ni mti tu. Roma ilikufa kwa miaka mia, mkoa kwa mkoa. Garenganze ilikuwa na mlango mmoja, na siku Basanga waliufunga, nyumba nzima ilitikisika.

Basi, tarehe 14 Desemba 1891 aliingia William Stairs, kapiteni, mzaliwa wa Halifax mu Kanada, Mwingereza kwa bendera yake lakini mwenye kulipwa na kampuni ya Katanga ya Wabelgiji. Alikuwa na watu zaidi ya 300, wengi walioajiriwa Zanzibar, wenye kusema Kiswahili. Alikuwa na bunduki mpya ambazo hazikulingana hata kidogo na zile za Bunkeya. Walizungumza siku chache. Msiri alisema atafikiri, alisema kesho, alisema kwanza wapatane undugu. Tarehe 19 Stairs alichoka, akapandisha bendera ya Leta juu ya kilima bila ruhusa. Usiku ule Msiri alitoka Bunkeya, akaenda kijiji cha Munema, karibu pale.

Kesho yake, tarehe 20, ilikuwa siku ya Mungu. Stairs alimtuma kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, na markizi de Bonchamps, Mfaransa, na askari karibu mia, wamlete Msiri kwa hiari ao kwa nguvu. Bodson aliingia ndani ya boma na watu wachache. Walikosana maneno. Bodson alimpiga Msiri risasi, Msiri akafa. Masuka, mtoto wa Msiri, alimpiga Bodson risasi ya tumbo, naye Masuka akauawa pale pale. Bodson alikufa baadaye siku ile. Wazungu waliandika kama Msiri aliinua upanga kwanza. Tukumbuke kama walioandika ni wale waliobaki na bunduki. Kichwa cha Msiri kilikatwa, kikawekwa ku mti, mu musumba ule ule ambamo yeye mwenyewe aliweka vya wengine. Kimekwenda wapi, Bayeke wameuliza swali hilo mpaka leo.

Hakukuwa vita kubwa ya kumlipiza. Wengine walilia, wengine walishangilia, wengi walikimbia. Njaa ilizidi. Iliwakamata hata watu wa Stairs, waliokufa wengi kwa njaa na magonjwa. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa Juni 1892, kule Chinde ku mdomo wa Zambezi, akiwa njiani kurudi. Mu Bunkeya yalibaki majani na viwanja vitupu.

Mu kalasi zetu tuko watoto wa Bayeke, wa Basanga, wa Baluba, na kila mmoja amesikia habari hii mu nyumba yake, na hazifanani. Mtoto wa Bayeke atasema: huyu alikataa bendera mara tatu, akafa akiwa mwami, hakutia alama yake ku karatasi. Ni kweli. Mtoto wa Basanga atasema: huyu aliuza bibi yangu. Nayo ni kweli. Mimi siwezi kufuta neno moja juu ya kuacha lingine. Lakini mtu asiseme kama Stairs alikuja kuwafungua Basanga. Aliwatambua kama watu huru mbele ya Bayeke, ndiyo, juu ya kumpunguzia nguvu mrithi wa Msiri. Miaka haikuwa mingi, na Mulowanyama, mkubwa wa Basanga aliyempiga Msiri vita, naye alizungukwa na askari wa Leta ndani ya pango, akafia humo na watu wake wengi.

Mrithi wa Msiri alikuwa mtoto wake Mukanda Bantu. Alipewa inchi ndogo sana, na yeye hakuwa na baruti wala mlango wa kukaa katikati yake. Alihamisha watu wake karibu na kituo cha Lofoi, akawa rafiki wa Leta, akapigana upande wake. Kuna wanaomlaumu. Lakini alifanya kitu ambacho baba yake hakuweza: aliacha habari za Bayeke katika maandishi, kwa maneno ya kwao wenyewe, na mengi tunayojua juu ya Msiri yanatoka hapo. Baadaye Bayeke walirudi Bunkeya. Mjukuu mmoja wa jamaa hiyo, mwami Antoine Munongo, aliandika historia yao tena, na ndugu yake Godefroid alikuwa waziri wa Katanga mu 1960.

Mukanda Bantu alikufa 1910. Mwaka ule reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, na mwaka wa 1911 tanuru la kampuni lilitoa mukuba wake wa kwanza. Mukuba ule ulipakiwa mu treni, ukashuka mpaka baharini, bila kupita Bunkeya.